Kengele Isiyoniita Tena: Mwalimu Anapostaafu, Kichwa Nacho Kinastaafu?

Nyumba yangu hapa Tabora iko jirani na shule. Ukisimama jikoni unaisikia rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mwembe ikigongwa kwa kipande cha nondo. Kwa miaka 36 mlio ule ndio ulionipangia lini ninywe chai, lini nikae, lini nisimame. Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu niliamka saa 11 alfajiri kama kawaida, nikaoga, nikavaa, nikachukua mkoba. Mkono ulipokuwa kwenye komeo la mlango ndipo nikakumbuka. Nikavua viatu. Kengele ikalia, nami nikakaa kwenye kigoda cha jikoni nikijua kabisa kwamba muda ule Darasa la Tano wanafungua madaftari ya Hisabati, na kwamba mtu mwingine ameshika chaki.

Miezi mitatu baadaye nikaanza kupotelewa na maneno. Nilisimama Soko Kuu mbele ya muuza dagaa wa Kigoma, binti niliyemfundisha miaka miwili, akaniamkia kwa furaha, "Shikamoo mwalimu!" Jina lake halikuja. Lilikuja usiku, nikiwa kitandani, lilipokuwa halina kazi tena. Nikaogopa. Mama yangu mzazi alimaliza miaka yake ya mwisho akiwa hatujui sisi wanawe, na hofu ya namna hiyo haihitaji kualikwa mara mbili.

Ndipo nikaanza kuuliza swali ambalo naamini wastaafu wengi wanaliuliza kimyakimya: je, kichwa cha mtu wa miaka 60 bado kinajifunza, au kinachobaki ni kutumia akiba hadi iishe? Nimesoma, nimeuliza wauguzi na madaktari, nimejaribu mwenyewe. Nilichokuja kukielewa ni kwamba kinachostaafu si ubongo. Kinachostaafu ni ratiba. Shule ilikuwa inanipa vitu vinne bila mimi kuviomba: kutembea, watu, maswali nisiyoyatarajia, na siku ambayo kazi lazima iwe imekamilika. Vyote vinne hukatwa siku moja, kwa barua moja. Halafu mtu akianza kudhoofika, tunasema ni uzee.

Kwa mtumishi wa umma wa Tanzania umri wa kustaafu kwa hiari ni miaka 55, na wa lazima ni 60. Kwenye semina za maandalizi tulifundishwa kiinua mgongo, pensheni ya kila mwezi, kikokotoo, na matapeli wanaopiga simu wakijifanya maofisa wa mafao. Ni mambo ya lazima, nami nayashukuru. Lakini mtu mwenye afya akistaafu kwa miaka 60 anaweza kuwa na miaka 20 mbele yake, na hakuna aliyetuambia Jumatatu tutaamkia wapi.

Kinachopungua na kisichopungua

Tuanze na yanayopungua, kwa kuwa hakuna faida ya kuyaficha. Kasi inapungua. Kushika mambo mawili kichwani kwa wakati mmoja kunakuwa kugumu: ukikatizwa katikati ya hesabu, unaanza upya. Majina yanachelewa. Mwanasaikolojia Raymond Cattell, na baada yake mwanafunzi wake John Horn, walitenganisha akili za aina mbili. Ya kwanza ni akili ya papo hapo, ile ya kutatua jambo jipya ambalo hujawahi kuliona. Hiyo huanza kushuka mapema, hata kabla mtu hajafika miaka 40, ila polepole. Ya pili ni akili ya akiba: msamiati, ujuzi wa kazi, kusoma watu na hali. Hii huendelea kukua, au angalau kusimama imara, hadi miaka ya 60 na zaidi.

Mwalimu yeyote mkongwe anaijua hiyo ya pili hata kama hakuwahi kuipa jina. Unaingia darasani asubuhi, unatazama mabega tu, unajua nani hajala. Mwalimu mpya ana kasi kukushinda, lakini hilo hajaliona bado.

Sasa tuje kwenye kumbukumbu. Ndani ya ubongo, karibu usawa wa masikio, kuna sehemu ndogo iitwayo hipokampasi, moja kila upande. Kazi yake kubwa ni kupokea mambo mapya na kuyaandaa yahifadhiwe. Uzeeni sehemu hiyo hupungua ukubwa kwa asilimia 1 hadi 2 kila mwaka, hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Ndiyo maana unakumbuka nyimbo za paredi za mwaka 1974 na kusahau ulipoweka miwani leo asubuhi. Za zamani zilishahifadhiwa kwingine. Za leo zinapita kwenye mlango uliosinyaa.

Lakini mlango huo hautii umri peke yake. Mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la watu 120 wa miaka 55 hadi 80 waliokuwa hawana mazoezi. Nusu walitembea kwa miguu dakika 40, mara tatu kwa wiki. Nusu walifanya mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo. Baada ya mwaka mmoja hipokampasi ya wale watembeaji ilikuwa imeongezeka kwa takribani asilimia 2, ya wenzao imepungua kwa zaidi ya asilimia 1. Tafiti zilizofuata hazikupata ongezeko hilo kila mara, kwa hiyo simwahidi mtu kwamba ubongo wake utakua. Ila kwamba kutembea kunausaidia ubongo wa mzee, ushahidi wake umerundikana kutoka pande nyingi.

Mimi nilichokiona haraka ni ile namba. Dakika 40 ni kipindi kimoja. Vipindi vitatu kwa wiki, mzigo ambao hata mwalimu wa zamu haulalamikii.

Halafu nikapiga hesabu ya nilichopoteza. Siku ya vipindi 6 ilikuwa dakika 240 za kusimama, kuinama juu ya madawati, kuzunguka kukagua kazi, mbali na mwendo wa kwenda na kurudi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atembee kwa mwendo wa kumpandisha pumzi kidogo angalau dakika 150 kwa wiki, afanye kazi ya kutia misuli nguvu siku mbili, na kwa wazee, mazoezi ya kujenga mizani ya mwili siku tatu ili kuepuka kuanguka. Mwalimu hayatimizi yote hayo kazini, lakini hakai. Mstaafu hukaa. Kiti cha plastiki cha barazani ndicho kitu cha kwanza ninachokiogopa ninapomtembelea mwenzangu aliyestaafu juzi. Jembe la bustani linatosha kwa misuli, na kusimama kwa mguu mmoja huku umeshika ukuta unapopiga mswaki kunatosha kuanzia upande wa mizani.

Je, ni kweli kwamba kustaafu kunapoza kichwa? Hapa panahitaji uangalifu. Kuna kundi la watumishi wa serikali wa London ambao afya zao zimefuatiliwa tangu mwaka 1985. Matokeo ya zaidi ya watu 3,400 kati yao yalichapishwa mwaka 2018: kumbukumbu ya maneno, yaani uwezo wa kusikia orodha ya maneno na kuyataja tena, ilishuka kwa kasi iliyozidi kwa asilimia 38 baada ya kustaafu kuliko kabla ya kustaafu. Uwezo wa kupanga hoja haukuonyesha tofauti hiyo. Wasomaji wengine huishia hapo na kusema basi tusistaafu. Mimi nasoma tofauti. Kumbukumbu ya maneno ndiyo inayotumika zaidi unapozungukwa na watu wanaokuambia mambo mapya siku nzima. Ukiitoa kazini, inalegea. Na wale waliokuwa na vyeo vya juu, ambao kazi zao zilikuwa zikiwakinga walipokuwa ofisini, kinga hiyo haikuwafuata nyumbani. Uzoefu wa miaka 36 haujilindi wenyewe.

Samaki mkunje angali mbichi

Methali hii tumeitumia vibaya sana dhidi yetu wenyewe. Ilitungwa kwa ajili ya malezi, na kwa malezi ni ya kweli. Lakini nimeisikia ikisemwa kwa babu aliyetaka kujifunza kutuma pesa kwa simu, kwa mama mtu mzima aliyetaka kujiandikisha Chuo Kikuu Huria, ambacho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 hasa kwa ajili ya watu wasioweza kukaa bwenini. Kule Kenya, mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, ameketi katikati ya watoto, kwa sababu alitaka kujisomea Biblia mwenyewe. Samaki yule alikunjika.

Tofauti iliyopo ni kwamba mzee hajifunzi kwa namna ileile. Anahitaji marudio zaidi, utulivu zaidi, na jambo linalogusa kitu anachokijua tayari. Akivipata hivyo, anafika.

Lakini ajifunze nini? Hapa ndipo wengi wetu tunapojidanganya kwa nia njema. Tunasema, "Mimi najishughulisha, nasoma magazeti, nacheza bao, niko kwenye kundi la WhatsApp la wastaafu." Mwaka 2014 mtafiti Denise Park na wenzake, huko Texas, walitoa matokeo ya jaribio la watu 221 wa miaka 60 hadi 90. Baadhi walipangiwa kujifunza kitu kigumu na kipya: kupiga picha kwa kamera ya kidijitali na kuzihariri kwenye kompyuta, au kushona mablanketi ya viraka. Wengine walipangiwa kukutana kwa mazungumzo, michezo na matembezi, bila somo jipya. Wengine walibaki nyumbani na shughuli nyepesi kama muziki na mafumbo ya maneno. Ilikuwa saa 15 kwa wiki, kwa miezi mitatu. Kumbukumbu iliboreka kwa wale waliojifunza kitu kigumu, hasa wapiga picha. Waliokaa pamoja kwa furaha tu hawakupata faida hiyo ya kumbukumbu.

Saa 15 ni vipindi 22 na nusu. Ni mzigo wa mwalimu kamili! Sisemi kila mstaafu aubebe. Ninachokichukua ni kwamba burudani na kujifunza ni vitu viwili, na kichwa kinavitofautisha hata kama sisi hatuvitofautishi. Mwalimu ana hatari yake hapa. Nilifundisha sehemu za kawaida na sehemu za desimali kwa miaka mingi hadi nikawa naweza kufundisha nikiwa nawaza mboga ya jioni. Kutoka nje ilionekana kazi ya akili. Ndani ilikuwa akiba inatumika.

Mzinga wa 4

Nikachagua nyuki. Tabora ni nchi ya asali. Misitu yetu ya miombo imelisha nyuki tangu enzi za misafara, na mji una hata chuo cha ufugaji nyuki. Lakini mimi, mtoto wa hapahapa, nyuki nilimjua kwa kumkimbia. Kazi ilikuwa ya wanaume: mizinga ya magome ilifungwa juu kabisa ya mti, na kurina kulihitaji mtu wa kupanda gizani na mwenge wa moshi. Mizinga ya masanduku imebadilisha hilo. Inaning'inizwa usawa wa kiuno, unafungua kifuniko, unainua kibao kimoja kimoja ambacho nyuki wamejengea sega. Mwanamke wa miaka 60 anafika bila ngazi.

Tukaanza kikundi cha watu saba, upande wa barabara ya Sikonge, na kijana mmoja akaja kutufundisha. Umri wake ni kama wa mwanangu wa mwisho. Siku ya kwanza ya kufungua mzinga, saa 12 jioni, nikiwa ndani ya vazi la kinga jasho linanitiririka mgongoni, niliinua kibao kwa pupa. Mvumo ukabadilika palepale, ukapanda. Akanishika kiwiko taratibu. "Samahani mwalimu. Unaenda haraka. Rudisha, tulia, vuta moshi kidogo, kisha uanze tena."

Nilirudisha. Lakini moyo uliniuma kwa namna ambayo nyuki hawana sindano yake. Miaka 36 mimi ndiye niliyekuwa nikisema "rudisha, anza tena". Watu wananiita mwalimu sokoni, kanisani, msibani, na wataniita hivyo hadi kaburini. Ndivyo tulivyo Tanzania, jina la kazi hii halivuliwi. Jina hilo ni heshima kubwa, na linaweza pia kuwa ukuta. Unapozoea kuwa mwenye majibu, kukosea mbele ya kijana kunahisi kama kuvuliwa nguo. Naamini wenzangu wengi hawakosi uwezo wa kujifunza jambo jipya. Wanakosa ujasiri wa kuonekana hawalijui. Usiku ule nilijiuliza kama niendelee. Kilichonirudisha ni kumbukumbu ya wanafunzi niliowahi kuwasimamisha ubaoni hadi machozi yakawatoka, na walirudi kesho yake.

Basi nikajifunza. Yai la nyuki hukaa siku tatu kabla halijaanguliwa. Malkia hukamilika kwa siku 16 hivi, kibarua kwa wiki tatu, dume kwa siku 24 hivi. Kwa mwalimu wa Hisabati hii ni zawadi, kwa kuwa huhitaji kumwona malkia ili ujue yupo. Ukiona yai, jembamba kama kipande cha uzi mweupe, limesimama chini ya kijitundu cha sega, basi malkia alikuwa pale ndani ya siku tatu zilizopita. Ukiona majana, yaani watoto wa nyuki waliokwisha kuanguliwa, yamenona lakini huoni yai hata moja, kuna jambo. Ni hesabu iliyo hai, inavuma, na ukikosea inakuadhibu.

Tatizo likawa kwamba sikuyaona mayai. Wenzangu walikuwa wakisema "hayo hapo," mimi naona vitundu vitupu, nami nikaitikia kwa aibu kwamba nimeyaona. Hilo ndilo lililonipeleka kliniki ya macho, na nitalirudia.

Kwa upande wa kushika mambo, nilirudi kwenye mbinu tuliyofundishwa chuo cha ualimu na ambayo wengi tuliwahimiza watoto bila kuitumia sisi. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha mwaka 1885 majaribio aliyojifanyia mwenyewe, akikariri silabi zisizo na maana na kupima zinavyopotea. Aligundua kwamba sehemu kubwa hupotea siku ya kwanza, kisha kasi inapungua, na kwamba marudio yaliyotenganishwa kwa siku yanashinda marudio ya kukazana mara moja. Kwa hiyo jioni baada ya mzinga nafunga daftari, naandika nilichojifunza bila kuchungulia. Kesho naandika tena. Kisha baada ya siku tatu, kisha wiki. Kule kujitahidi kukumbuka, hata ukishindwa nusu, ndiko kunakofunga fundo. Kusoma tena na tena huku unatikisa kichwa kwamba unajua hakufungi kitu.

Watu

Mwaka 1973 nilikuwa na miaka 10. Kampeni ya Mtu ni Afya ilikuwa imepamba moto, na mama yangu pamoja na majirani walikuwa wakikutana chini ya mwembe kusikiliza redio, kisha mmoja anasoma kitabu kwa sauti, kisha wanabishana kuhusu choo cha nani kina kina kifupi. Watu wapatao milioni 2 nchi nzima walishiriki vikundi vya namna ile. Wengi walikuwa watu wazima, wengine wazee waliotoka kujifunza herufi juzi. Tulikuwa na desturi ya wazee kujifunza pamoja, hapa hapa, tukaiacha ikasinyaa.

Huko Ulaya waliijenga kwa jina jingine. Mwaka 1973 huohuo, Pierre Vellas alianzisha mjini Toulouse, Ufaransa, kile alichokiita Chuo Kikuu cha Umri wa Tatu, kwa ajili ya wastaafu. Waingereza walipoanzisha cha kwao mwaka 1982 walikwenda mbali zaidi: hakuna mitihani, hakuna vyeti, hakuna walimu wa kuajiriwa. Wanachama wanafundishana. Aliyekuwa mhandisi anafundisha nyota, aliyekuwa muuguzi anafundisha Kifaransa.

Kikundi chetu kinafanya hivyo Alhamisi, bila jina lolote. Mstaafu wa reli ametueleza jinsi treni mbili zinavyopishana kwenye njia moja kati ya hapa na Kigoma, na kwa nini abiria husubiri stesheni ndogo bila kuambiwa sababu. Nesi mstaafu anatupima presha na kutufundisha kusoma zile namba mbili. Fundi cherehani alituonyesha jinsi ya kukata mkono wa blauzi usivute begani. Nimeharibu vitambaa vitatu na nitaharibu cha nne. Mimi nafundisha hesabu za mzinga.

Kufundisha watoto nako kuna tunu yake kwa mfundishaji. Huko Baltimore, Marekani, mpango uitwao Experience Corps uliwapeleka watu wa miaka 60 na zaidi katika shule za msingi, angalau saa 15 kwa wiki, kuwasaidia watoto wa madarasa ya chini kusoma. Watafiti walipopima ubongo wa baadhi ya wanawake walioshiriki, waliona dalili za kuimarika katika sehemu zinazohusika na kupanga na kudhibiti mawazo. Kundi lililopimwa lilikuwa dogo, lakini mwelekeo wake unaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa na mtoto anayekwama kwenye silabi "ng'o".

Na Tabora tuna mfano wetu. Julius Nyerere alisoma hapa, na baada ya Makerere akarudi kufundisha St. Mary's miaka ya 1940. Alipong'atuka urais mwaka 1985 alirudi Butiama kulima, akacheza bao, na akafanya kazi ya kutafsiri sehemu za Biblia kwa mashairi ya tenzi, iliyochapishwa mwaka 1996 akiwa na miaka 74. Mwaka huohuo alikuwa akisuluhisha mgogoro wa Burundi. Bao lilikuwepo, lakini halikuwa peke yake.

Sikio, jicho, presha

Jopo la wataalamu la jarida la kitabibu la The Lancet lilieleza mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa wa kupoteza akili uzeeni vinahusiana na mambo 14 ambayo, angalau kinadharia, yanaweza kuzuiwa au kupunguzwa. Mengine tunayajua: sigara, pombe nyingi, kisukari, presha, kutojishughulisha, upweke, huzuni ya muda mrefu. Yanayowashangaza watu ni kutosikia na kutoona. Mzee asiyesikia vizuri hujiondoa kwenye mazungumzo kwa aibu, watu nao huacha kumsemesha, na ubongo unakosa chakula. Wakati mwingine ni nta tu imeziba sikio, na muuguzi anaiosha.

Kliniki walinikuta na mtoto wa jicho upande wa kulia, ukiwa mwanzoni, na macho yaliyohitaji miwani ya kusomea yenye nguvu zaidi ya ile niliyonunua mtaani. Wiki mbili baadaye nilifungua mzinga na kuyaona. Mayai! Yamesimama kila moja kwenye kitundu chake, kama wanafunzi paredini. Nilikuwa nimejihukumu kichwa kibovu kwa sababu ya kioo.

Kuna jambo moja lazima niliseme waziwazi. Kusahau kunakotokana na umri kuna alama zake: jina linachelewa kisha linakuja, ufunguo unapotea kisha unapatikana. Kupotea kwenye njia uliyoipita maisha yako yote, kurudia swali lilelile mara tano ndani ya saa moja, kushindwa kupika ugali uliopika miaka 40, hizo ni alama nyingine, na zinahitaji daktari. Na mzee akichanganyikiwa ghafla, ndani ya siku moja au mbili, msiseme uzee. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, sukari kushuka, au dawa zilizogongana, na mengi ya hayo yanatibika. Huku kwetu Unyamwezini na kwa jirani zetu Usukumani, bibi anayesema peke yake usiku, macho mekundu kwa moshi wa kuni, amewahi kuitwa mchawi, na wako waliouawa kwa hilo. Nikifikiria ni wangapi kati yao walikuwa wagonjwa tu kama mama yangu, nashindwa kuendelea kuandika kwa muda.

Yule binti wa dagaa nilimwendea tena, nikamwita kwa jina lake, akacheka, akanijazia kopo hadi likamwagika. Majina mengine bado yanachelewa. Nimeacha kuyaogopa.

Daftari ninalotumia kwa nyuki ni la maandalio ya somo lililobaki nusu. Safu ya "Kipindi" nimeifanya ya namba ya mzinga, na safu ya "Tathmini" nimeiacha ilivyo. Jana jioni niliandika: Mzinga wa 4. Majana makubwa yapo, mayai hayaonekani, miwani nilivaa. Malkia amekufa, au wanaandaa mwingine? Kufungua tena Jumamosi, saa 12 jioni.